Kila Moto na Kazi Yake: Namna ya Kupanga Kuni Ukiwa Kambini

Usiku wangu wa kwanza kulala kambini kwenye milima ya Usambara ulikuwa wa mwezi Julai, na baridi ya Lushoto mwezi huo haina mchezo. Tulikuwa vijana sita. Tukakusanya kuni za kutosha kupikia harusi, tukazisimamisha kama nyumba ya msonge, tukatia kiberiti. Baada ya dakika kumi moto ulikuwa mrefu kuliko mtu. Ulipendeza kuutazama, lakini sufuria ya ugali haikuwa na pa kukaa, aliyesogea na mwiko alirudi kinyumenyume amejifunika uso, na kila mmoja wetu magoti yalikuwa yanaungua huku mgongo umeganda. Kufika saa tatu usiku kuni zimekwisha na ugali bado ni uji.

Mzee aliyekuwa akilinda eneo lile alikuja na tochi yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kidogo akiangalia. "Wanangu," akasema, "huu moto mmeuwasha ufanye kazi gani?"

Hatukuwa na jibu. Akavuta vijinga vitatu vinene vilivyokuwa vimeungua nusu, akavikutanisha ncha kwa ncha, akaweka mawe matatu kuvizunguka, akainjika sufuria. Ugali uliiva. Usiku ulipozidi kuwa mrefu alikuwa akija mara mojamoja kuvisukuma vile vijinga mbele kidogo kwa mguu, na moto ule mdogo ukatufikisha alfajiri.

Tangu siku hiyo, kabla sijaokota hata ukuni mmoja, najiuliza swali lake. Moto wa kuchemsha chai haufanani na wa kuchoma nyama, na wa kuchoma nyama haufanani na wa kumkinga mtu na baridi usiku kucha. Kuni zinaweza kuwa zilezile. Tofauti iko kwenye mpangilio, na mpangilio hauwezi kuuelewa mpaka ujue kwanza ukuni unaungua vipi.

Ukuni hauwaki wenyewe kama tunavyodhani. Ukiupasha joto, kwanza unatoa maji yaliyomo ndani yake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu sehemu ile ina maji, joto lote linaishia kuyafukuza. Ndiyo maana kuni mbichi, ambazo maji yanaweza kufika nusu ya uzito wake, hufuka na kulia bila kushika. Maji yakiisha, joto hupanda, na likikaribia nyuzi 250 hadi 300 ukuni huanza kutoa gesi kwa wingi. Gesi hizo zikikutana na hewa na joto la kutosha, zinawaka. Mwali unaouona ni gesi inayoungua. Kinachobaki baada ya gesi kutoka ni kaa, nalo huungua polepole juu ya uso wake, jekundu, karibu bila mwali.

Kwa hiyo kila moto unakupa vitu viwili: mwali na makaa. Mwali hupeleka joto juu, haraka, na hauna utulivu. Makaa hutoa joto pande zote, taratibu, kwa muda mrefu. Moshi ni gesi iliyokimbia kabla ya kuungua, yaani joto lako linapotea hewani huku linakuchoma macho. Moto ukifuka sana, ama kuni zina maji, ama hewa haipiti.

Jambo la mwisho la kushika hapa ni kwamba gogo moja peke yake haliwaki. Hata likishika, litazimika, kwa sababu joto lake linatawanyika kuliko linavyolirudia. Magogo mawili yanayotazamana kwa karibu yanapashana joto, kila moja likimwashia mwenzake. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na kwenye kuni mambo ni hivyo hivyo. Basi aina zote za moto wa kambi ni majibu tofauti kwa swali moja: kuni zikae karibu kiasi gani ili zipashane joto, na ziachane kiasi gani ili hewa ipite?

Tuanze na ule wa msonge, maana ndio ambao karibu kila mtu huuchora akiambiwa achore moto. Vijiti vinasimamishwa vikiegemeana juu, chini kuna nafasi. Hewa baridi inaingia chini, hewa moto inapanda katikati kama kwenye bomba la moshi, na mwali unatambaa kwenye kila kijiti kuelekea juu. Hakuna mpangilio unaoshika haraka kama huu. Ni mzuri kwa birika la chai, kwa mwanga, kwa kukausha nguo zilizolowa. Ubaya wake ni kwamba unakula kuni kwa pupa, na miguu ya msonge ikiungua, wote unaanguka, na vijinga vinaweza kutupwa nje ya duara. Usiufanye upite urefu wa goti.

Faida yake kubwa ni kwamba moto mwingine karibu wote huzaliwa ndani ya msonge mdogo wa ukubwa wa bakuli. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, na kosa ni lile lile: haraka. Kabla ya kuwasha kiberiti uwe na mafungu matatu tayari. La kwanza ni kitu kinachoshika hata cheche: pwani ni nyuzi za makumbi zilizochambuliwa zikawa kama pamba, milimani ni magome ya mkaratusi yanayojimenya yenyewe au majani makavu ya msindano, nyikani ni manyasi makavu yaliyosokotwa kama kiota. La pili ni vijiti, kuanzia vyembamba kama njiti ya kiberiti hadi unene wa kidole gumba, konzi kadhaa. La tatu ni kuni zenyewe, unene wa mkono. Ukiruka fungu la pili utawasha kiberiti kizima bila moto, kwa sababu mwali wa manyasi hauishi muda wa kutosha kukausha ukuni mnene.

Ukuni mkavu ujaribu kwa sikio. Uvunje: mkavu hulia "ka!" na kukatika, wenye maji hujikunja. Gonga viwili pamoja: vikavu vinatoa sauti kali, vibichi vinatoa sauti ya kugonga ndizi. Mvua ikiwa imenyesha, usiokote vilivyolala chini. Tafuta matawi yaliyokufa yakanaswa juu ya matawi mengine, kisha yapasue, maana maji ya mvua hukaa nje na kiini huwa kikavu. Na jifunze miti unayoiacha. Mnyaa una utomvu mweupe unaodhuru macho vibaya, na hauna nafasi kwenye moto wa kambi.

Wazee wetu walifanya kazi hii bila kiberiti. Kiswahili kina majina ya vifaa vyake: ulindi ni kile kijiti kigumu kinachopekechwa katikati ya viganja, na uwimbombo ni ubao laini wa chini wenye kitundu. Unga mweusi unaotokana na kule kupekecha hujikusanya, hufuka, na hatimaye kaa dogo kama punje ya mtama humwagwa kwenye manyasi na kupulizwa. Wahadzabe wa kandokando ya ziwa Eyasi wanafanya hivyo hadi leo, na ukimtazama mtu aliyezoea utaona jinsi anavyopuliza: pumzi ndefu, nyembamba, kutoka chini kwenda juu. Anayepuliza kwa pumzi za hasira huzima. Na tafadhali, plastiki na vipande vya ndala tunavyotumia nyumbani kuwashia mkaa viache huko huko. Moshi wake ni sumu, na utaula pamoja na chakula. Petroli usiifikirie kabisa. Mvuke wake hutambaa chini na kuwaka kabla mkono haujarudi.

Sasa nije kwenye moto wa yule mzee, ambao mimi naupenda kuliko yote. Ni moto wa mama zetu: mafiga matatu, na kuni zinazoingia katikati kama miali ya nyota. Watu wakienda kambini wanadhani ni lazima wafanye kitu cha kigeni, wakati walichokiacha jikoni kwa bibi ndicho kilichokamilika.

Mawe ni matatu kwa sababu chombo chenye miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Weka la nne utaona sufuria inacheza. Kati ya figa na figa kuna mlango, kwa hiyo una milango mitatu ya kuingizia kuni na hewa. Kuni hukutana ncha tu, na ncha ndizo zinazowaka. Ukitaka moto mkali, sukuma ndani. Maji yakichemka na unataka ugali uive taratibu, vuta nje kidogo. Ukitaka kuuzima, tenganisha ncha, na kila ukuni, ukikaa peke yake, utafifia kwa ile sababu niliyoitaja. Hili ni jiko lenye swichi, na halihitaji shoka wala msumeno, maana hata gogo refu unaliingiza lilivyo na kulisukuma kadiri linavyoungua.

Yapo mambo ya kuangalia. Kitako cha sufuria kikae kama shubiri moja kutoka ardhini. Kikiwa juu zaidi, mwali unaisha njiani, kikiwa chini zaidi unazibwa na kutoa masizi. Mawe yawe makavu. Usichukue mawe ya mtoni, kwa sababu maji yaliyojificha kwenye nyufa zake hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Udhaifu wa mafiga ni upepo: joto jingi hupotea ubavuni. Dawa ni kuyasogeza karibu kiasi ambacho sufuria inaruhusu, na kuziba mlango mmoja, ule wa upepo, kwa jiwe au udongo. Wapagazi waliokuwa wakitembea kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji karne ya 19 walipika kwa vikundi jioni baada ya jioni bila kubeba jiko, na sioni jiko ambalo lingewafaa zaidi.

Kwa nyama, habari ni nyingine. Nyama choma inataka makaa, na makaa mengi yaliyolingana. Hapo jenga kibanda: magogo mawili manene sambamba, mawili juu yake kwa kukatiza, hivyo hivyo tabaka nne au tano, na ndani yake ule msonge mdogo wa kuanzia. Kuta nne zinatazamana, zinapashana joto, na hewa inapita kwenye pembe. Kibanda huungua sawasawa na kuanguka kikiwa tanda la makaa. Kinahitaji muda, kama saa nzima, na hapa ndipo subira inapotuponyoka. Mwali bado unaruka, mtu ameshaweka paja la mbuzi. Nje linakuwa jeusi kwa masizi, ndani linatoa damu. Ngoja mpaka makaa yafunikwe na jivu jepesi la kijivu, kisha weka kiganja pale nyama itakapokaa. Ukihesabu mbili au tatu na mkono unakimbia, ni moto wa mishikaki. Ukifika tano au sita, ni moto wa vipande vinene vinavyotaka kuiva hadi kwenye mfupa. Pwani, konzi chache za vifuu vikavu juu ya makaa huongeza ukali mara moja.

Ukiwa na wapishi na wachomaji kwenye moto mmoja, chora kwenye ardhi umbo la tundu la kufuli la zamani: duara, na mfereji mfupi unaotoka ubavuni. Kibanda kinawaka kwenye duara, na makaa yanavutwa kwa kijiti hadi kwenye mfereji, ambako ndiko kunachomwa. Duara linaendelea kuwapa watu mwanga na mazungumzo. Wasukuma wanauita moto wa namna hiyo wa jioni shikome, mahali ambapo wazee huketi na vijana na kuwafundisha maisha, na skauti nao wamejenga sehemu kubwa ya malezi yao kuuzunguka moto. Baden-Powell, mwanzilishi wao, amezikwa Nyeri, Kenya, tangu Januari 1941, na juu ya kaburi lake kuna alama ya duara lenye nukta katikati, ile ambayo maskauti huchora njiani kumaanisha "nimekwenda nyumbani".

Upo pia moto wa kinyume, ambao magogo manene huwekwa chini, membamba juu yake, na vijiti kileleni, kisha unawashwa juu kabisa. Unashuka wenyewe kama mshumaa, una moshi kidogo kwa sababu gesi zinazotoka chini hupita kwenye mwali ulio juu na kuungua, na hauhitaji kuchochewa kwa saa kadhaa. Ufanye ukiwa na kuni kavu kabisa. Zikiwa na unyevu, utazimika katikati.

Nyikani penye upepo, chimba. Shimo la kwanza liwe na kina cha sentimita 30 hivi na upana wa kuingia mikono miwili. Umbali wa hatua ndogo kutoka hapo, upande upepo unakotoka, chimba tundu la pili jembamba, ulielekeze kwa mshazari hadi litokeze kwenye kitako cha shimo la kwanza. Moto unawaka shimoni, hewa moto inapanda, na nafasi yake inajazwa na hewa inayovutwa kupitia lile tundu. Mara ya kwanza nilipoutengeneza niliweka jani kavu kwenye mdomo wa tundu na likamezwa ndani. Mwali unakuwa mkali, moshi unapungua, cheche hazirushwi kwenye nyasi, na sufuria inakaa juu ya vijiti viwili vibichi. Lakini si kila ardhi inafaa. Mchanga mkavu unabomoka, bondeni maji yanajaa, na penye mizizi mingi au udongo wa majani yaliyooza moto unaweza kuingia chini ya ardhi, ukatembea kimya na kuibuka mahali pengine siku kadhaa baadaye.

Na ule mgongo wetu ulioganda Lushoto? Joto la moto husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga, kwa hiyo linapasha kile tu linachokiona. Kuongeza kuni hakusaidii mgongo, kunachoma uso zaidi. Kinachosaidia ni ukuta. Tandaza magogo mawili marefu sambamba, yenye nafasi ndogo kati yao, ili moto uwe na urefu wa mtu. Ng'ambo ya moto simamisha ukuta wa mawe au magogo mabichi, usawa wa kiuno, ulirudishe kwako joto ambalo lingekwenda porini. Nyuma yako tundika turubai au kaa ukiegemea mwamba. Moto mdogo wenye ukuta unashinda moto mkubwa usio nao.

Mtu akishikwa na baridi hufikiria jambo moja ambalo lazima nilikataze kwa sauti yote niliyo nayo: kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikereketi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu hupata usingizi badala ya kukohoa. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Watu wamekufa hivyo wakiwa wamekumbatiana na watoto wao. Ukitaka joto ndani ya hema, jaza maji moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge kwa soksi, ulale nayo.

Pia yapo maeneo ambayo moto bora ni ule usiowashwa. Kwenye hifadhi ya Mlima Kilimanjaro kuni haziruhusiwi. Wapishi hutumia gesi na majiko ya kubeba. Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani huko, na taarifa za mwanzo za mamlaka ya hifadhi zilieleza kwamba wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipambana nao kwa siku kadhaa. Oktoba 2022 mlima uliwaka tena, karibu na kambi ya Karanga. Uoto wa juu kule hukua polepole sana, na mabua yaliyoungua bado ni makovu. Kwingineko, uliza kwanza wanaosimamia eneo, washa palipowahi kuwashwa, fagia nyasi na majani mita tatu kila upande, na hema liwe mbali mita tano au zaidi, upande upepo unakotoka. Miezi ya kiangazi, upepo ukivuma na nyasi zikiwa za rangi ya simba, kula mkate na maharage ya kopo. Mikoko usiiguse, hata ikiwa imekauka vizuri namna gani. Fukwe zetu zinaihitaji.

Kuzima nako kuna kanuni zake, na ufukweni ndiko watu hukosea zaidi. Wanafukia makaa kwa mchanga na kuondoka. Mchanga hauzimi, unayatunzia joto kama blanketi, na asubuhi mtoto anayekimbia pekupeku hupita juu yake. Mwaga maji mpaka makaa yaache kulia, koroga na kijiti, geuza kila gogo upande wa chini, mwaga tena. Kisha weka mgongo wa kiganja juu ya majivu. Ukihisi uvuguvugu wowote, rudia.

Asubuhi ile Lushoto mzee alifanya hivyo hivyo, amechutama, ndoo ubavuni, mkono umelala juu ya majivu kana kwamba anapima homa ya mtoto. Alipotosheka akaviokota vile vijinga vitatu, vifupi sasa, vyeusi kwenye ncha, akavigonga kimoja kimoja kwenye jiwe kutoa jivu. Ncha iliyokwisha kuwa mkaa hushika moto upesi kuliko ukuni mpya. Akavipanga chini ya paa la kibanda chake, ncha zikiangalia ndani mvua isizifikie, akatuuliza jioni tutapika saa ngapi.